Sauti ya Mwanamume Chumbani mwa Kizuka

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia. Naitikia mapema kwa sababu nimewaona mnavyoingia ofisini, kichwa kwenye simu, shikamoo mmeiacha mlangoni pamoja na viatu. Siwalaumu, simu ndiyo kazi yenyewe siku hizi. Mmeniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kuwafundisha watu haki zao kwa njia ya mtandao, na mkasema niandike mafanikio. Mafanikio andikeni nyinyi kwenye ripoti. Mimi nawaandikia niliyoharibu, maana hayo ndiyo yatakayowafaa.

Mimi Severini ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba alikuja Tanga kukata mkonge, mama akatuzaa kambini, tukabatizwa kwa mapadri, tukakua tukisema Kiswahili cha watu waliotoka pande zote. Nasema hili mapema ili mjue kwamba mambo mengi ya wenyeji wa mji huu niliyajua kwa kuyasikia tu, kama mtu anayesikia harusi ya jirani kupitia ukutani. Huko kujua nusunusu ndiko nusura kumtoe mjane mmoja nyumbani kwake. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Tulipoanza mambo ya mtandao, mkubwa wetu alirudi kutoka semina Dar es Salaam amechangamka kupita kiasi. "Wananchi hawaji ofisini," akasema, "basi sheria iwafuate mifukoni." Kazi nikapewa mimi, karani wa kupiga chapa niliyekuwa nimepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, niweke sheria mtandaoni. Nikaiweka. Yote! Vifungu, vifungu vidogo, majedwali, na nembo yetu kubwa juu ya kila ukurasa. Nilijiona nimefanya kazi ya maana mpaka siku tulipokwenda kwenye mkutano wa hadhara Mkwaja, mvuvi mmoja akasimama. "Nyinyi ndio wale wa kwenye simu? Nilinunua bando kwa ajili yenu. Likaisha nimeona nembo tu. Nembo nzuri, sikatai, lakini mimi nilikuwa na shida ya nyavu zangu." Watu walicheka hadi mwenyekiti wa kijiji akapiga meza.

Nilirudi Tanga nimenuna siku mbili. Aliyeninyoosha ni Bi Mwanaisha, msaidizi wa kisheria mkongwe kuliko sote pale ofisini, mzaliwa wa Chumbageni, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Alisoma kazi yangu kwenye kompyuta, akavua miwani, akanitazama kwa huruma. "Severini, weye unawaandikia mahakimu. Mahakimu wana vitabu vyao. Mwandikie mama anayesoma huku vitumbua viko motoni, asije akaunguza." Tangu hapo ukawa ukurasa mmoja kwa jambo moja, na maneno ambayo mtu angeyatumia kumweleza shoga yake kisimani. Kila nilichoandika alimsomea mfagizi wa ofisi. Mfagizi akikunja uso, narudia.

Baadaye tukaona kwamba wengi hawasomi, wanasikiliza. Tukaanza kurekodi masomo mafupi ya sauti, yakawekwa kwenye ukurasa wetu, na mtu akituma swali tunamtumia somo linalomhusu. Studio yetu ilikuwa stoo ya mafaili, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Tulirekodi baina ya adhana na adhana, feni imezimwa, jasho linatiririka. Jirani alikuwa na jogoo asiyejua saa. Tulimbembeleza jirani kwa miezi, mwisho tukamnunua yule jogoo tukamla, na hilo ndilo ombi pekee la vifaa lililopitishwa siku ileile.

Rekodi zangu za mwanzo zilikuwa aibu tupu. "Karibu mpendwa msikilizaji katika kipindi chetu cha leo..." Bi Mwanaisha akanikatiza. Alichukua kigoda akakiweka mbele yangu. "Hapo kakaa mtu. Kamzika mumewe juzi. Zungumza naye."

"Karibu mpendwa..."

"Ala! Unamkaribisha wapi? Kafiwa huyu! Mpe pole kwanza."

Nilizungumza na kile kigoda wiki nzima. Alinifundisha niseme jambo moja, kisha niulize, "Umenielewa?" halafu ninyamaze nihesabu moyoni mpaka tano, ili anayesikiliza apate nafasi ya kufikiri. Muziki akaupiga marufuku. Salamu za ofisi akaziondoa. Mwishowe nikawa fundi, nasema bila haya. Ungenisikia kwenye simu ungeapa nimekaa mkekani mbele yako. Niliona fahari sana, na fahari ile ndiyo iliyoniponza.

Sasa sikilizeni. Huku pwani mjane aliye kwenye eda huitwa kizuka. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, na hakai faragha na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumwoa. Hayo niliyajua. Ila niliyajua kama unavyojua bei ya saruji mji mwingine.

Ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya ofisi kutoka mtaa wa Mabawa, kwa mwanamke aliyejitaja kwa jina la Zuhura. Mumewe alikuwa amefariki, yuko eda, na shemeji yake, Bwana Athumani, amemletea karatasi aweke dole gumba. Ameambiwa ni ya mazishi, lakini hajasomewa. Akauliza afanye nini. Nikamtumia somo langu la mjane, lile lile nililolifanyia mazoezi na kigoda, dakika nne, sauti yangu safi. Mwisho wa kila somo tulikuwa tunashauri, "Ukimaliza kusikiliza, futa, usije ukapata matatizo." Nikaendelea na kazi nyingine, roho yangu kunjufu.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Nikapokea. Sauti ya mwanamke ikasema kwa kunong'ona, "Niitie mwanamke. Tafadhali, kaka, usiseme kitu, niitie mwanamke."

Bi Mwanaisha alichukua simu. Alisikiliza kwa muda mrefu, huku akinitazama.

Yaliyotokea ni haya. Simu ya Zuhura kispika chake cha sikioni kilikuwa kimekufa zamani, ikawa inasikika kwa sauti ya nje tu. Alingoja alasiri wifi yake, Bi Saumu, yuko jikoni uani, akafunga mlango, akawasha somo. Nami nikaanza, "Pole sana, dada yangu. Kaa vizuri." Ikafika pale ninapouliza, "Umenielewa?" Zuhura akajibu, "Ndiyo, kaka." Nikasema la pili, nikauliza tena. Akajibu tena. Bi Saumu anapita koridoni na sufuria mkononi, anasikia mwanamume anazungumza kwa upole chumbani mwa kizuka, anauliza, anajibiwa. Alipiga ukelele, wanangu, sufuria ikaanguka, majirani wakajaa. Mlango ulipofunguliwa hakukuwa na mtu ila Zuhura peke yake, na simu aliyosema ndiyo iliyozungumza haina kitu, kwa sababu alikuwa amefuta kama nilivyomfundisha.

"Katokea dirishani," akasema Bwana Athumani. Dirisha lile lina nondo. Sijui alifikiri mwanamume huyo ni uzi! Lakini nani angebishana, watu wamesikia kwa masikio yao. Akatangaza kwamba Jumamosi baada ya Adhuhuri ukoo utakaa, na mwanamke aliyevunja eda ya ndugu yake atatolewa na vyombo vyake. Zuhura hakuwa na baba wala kaka. Kwao ni kisiwani Pemba, na hata angetaka kwenda, angekwenda na jina gani?

Bi Mwanaisha aliweka simu chini. Nikasema, "Nampigia huyo shemeji sasa hivi, nimweleze kwamba..."

"Umweleze kwa sauti ipi? Hiyohiyo? Utamaliza kumzika." Kisha akaniambia kitu ambacho kiliniuma kuliko matusi. "Nimemuuliza kwa nini alikuwa anaijibu rekodi. Kasema, 'Bibi, tangu nizike, kila mtu ananiambia kaa hapa, vaa hiki, weka dole hapa. Yule kaka aliniuliza kama nimeelewa. Ningekosaje kumjibu?'"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ofisi. Nililia, siwafichi. Nilikuwa nimemfundisha haki ya kukaa nyumbani kwake, na kwa kumfundisha huko nikampa shemeji sababu ya kumtoa.

Ijumaa Bi Mwanaisha alikwenda peke yake kwa shehe wa mtaa ule, akamsihi awepo kwenye kikao. Jumamosi tukaenda wote wawili. Njiani alinionya mara tatu. "Ukifika, usifungue mdomo mpaka nikwambie. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Tulikuta watu wamekaa kwenye mikeka barazani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Zuhura ndani nyuma ya pazia. Shehe, mzee wa ndevu nyeupe, ndiye aliyekuwa karibu na ngazi. Sasa mimi, adabu za kambini zimenikaa mwilini, siwezi kumpita mzee kama napita nguzo. Nikainama. "Shikamoo, mzee wangu."

"Huyu!" Bi Saumu alisimama, kidole kinanielekea. "Wallahi ndiyo sauti yenyewe! Ndiyo hii hii! Mshikeni!"

Salaala! Vijana wawili walinirukia. Bwana Athumani anapiga kelele, "Kaja na miguu yake, hana hata haya!" Shati langu lilichanika kwapa, miwani ikaenda kivyake. Bi Mwanaisha, na ufupi wake ule, alijipenyeza katikati akasimama mbele yangu amefumbata mikono. "Mpigeni," akasema, "lakini kwanza msikilizeni. Sauti mnayoitafuta iko kwenye simu yangu. Bi Saumu, weye ndiye shahidi. Njoo ukae hapa karibu, utuambie kama ndiyo uliyoisikia."

Shehe akasema, "Haki. Shahidi asikilize."

Bi Mwanaisha akaliwasha somo kutoka kwenye ukurasa wetu, kwa sauti ya juu kabisa. Nikajisikia natoka pale kifuani pa Bi Mwanaisha: "Pole sana, dada yangu. Kaa vizuri. Nina mambo matatu tu, na nitakwenda polepole. La kwanza. Nyumba uliyoishi na mume wako, hakuna wa kukutoa humo ukiwa eda. Dini haimruhusu, na sheria haimruhusu. Umenielewa?"

Kimya. Moja, mbili, tatu.

"Naam, endelea," akajibu ami mmoja wa ukoo, mzee aliyekuwa akisikiliza ameinamia fimbo yake. Alipozinduka kwamba amejibu simu, akajifunika uso kwa kofia, na baraza zima likaangua kicheko. Hata wale vijana walioniminya mikono walilegea. Bi Saumu peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile simu.

"La pili. Mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Akija kaka, akija mjomba, akija nani, mwambie angoje mahakama. Umenielewa?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha, watu wanamtazama Bwana Athumani.

"La tatu. Usiweke dole kwenye karatasi ambayo hukusomewa. Mwambie aliyeileta aisome kwa sauti, mbele za watu."

Shehe akanyoosha mkono kuomba simu inyamaze. "Sauti ya simu haivunji eda," akasema. "Kama ingevunja, na redio nazo zingekuwa zimevunja za watu wengi. Mwanamke huyu yuko kwenye eda yake, na aliyemsingizia ana la kumjibu Mungu." Kisha akageuka taratibu. "Athumani, ile karatasi unayo?"

"Ninayo, shehe, ila... miwani nimeiacha nyumbani."

Shehe akavua miwani yake mwenyewe akampa.

Alisoma, masikini. Alisoma kwa sauti ndogo, wakamwambia apandishe. Alipofika pale inaposema kwamba mjane ameridhia kwa hiari nyumba iuzwe, akaishia hapo. Akaikunja. Yule ami akainyakua karatasi akaichana vipande vinne, na mimi, nikiwa nimekanywa nisifungue mdomo, nikapaza sauti, "Msiichane, ni ushahidi!" Bi Mwanaisha alinitolea jicho. Vipande tuliviokota.

Msidhani mambo yalikwisha siku ile kama sinema. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, kesi ya mirathi ikachukua muda wake, akateuliwa msimamizi asiye Athumani, na Zuhura hadi leo anaishi katika nyumba ile. Eda aliimaliza humo, siku kwa siku.

Na sisi tulibadilisha kazi. Masomo ya wanawake yakasomwa na mwanamke. Kila somo likaanza kwa kujitambulisha: hili ni somo, limerekodiwa. Bi Mwanaisha, aliyekataza salamu zile za ofisi, alikubali kwa mdomo wake kwamba hapo alikosea, nami nilitaka kuiandika tarehe ukutani. Kabla ya kumtumia mtu chochote, tukawa tunauliza: simu ni yako mwenyewe? Nani mwingine anaishika? Unasikia kwa sikio au kwa sauti ya nje? Uko na nani sasa? Nyinyi mna mitambo ya kuhesabu ni watu wangapi wamefungua somo. Mizuri sana. Haitawaambia nani alikuwa koridoni. Muulizeni mwenyewe, na mkingoja jibu, ngojeni kweli.

Nimeruka jambo moja la siku ile ya kikao. Watu walipotawanyika, Bi Saumu alibaki mkekani. Nilidhani anatafuta namna ya kutuomba radhi, na mimi, na shati langu lililochanika, nilikuwa tayari kuipokea shingo upande. Hakuomba radhi. Alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake.

"Lile la kwanza," akasema, hamtazami mtu. "Kwamba kizuka hatolewi. Ni la tangu zamani, au mmelileta nyinyi, na hizi simu zenu?"

"La tangu zamani, mama," akajibu shehe. "Sisi hatujazaliwa, lipo."

Bi Saumu akatikisa kichwa polepole. "Mimi walinitoa siku ya kumi na tano," akasema. "Kule Pangani, kwa wakwe zangu. Mtoto mgongoni. Mvua inanyesha. Wala sikugombana nao. Nilidhani ndivyo wanavyofanyiwa wajane wote."

Nikafungua mdomo nimwambie sijui nini, kifungu gani, na Bi Mwanaisha akanikanyaga mguu. Kisha pazia likatikisika, na sauti ya Zuhura ikatoka mle chumbani, chumba kile kile walimotaka kumtoa.

"Wifi," akasema. "Njoo ndani."

Bi Saumu aliinuka kwa shida, akashika ukuta, akaingia, na mlango ukafungwa. Mimi, Bi Mwanaisha na shehe tukabaki barazani tunasikia wanawake wawili wanalia, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na la kufundisha.